Peter Maivia: Chifu Mkuu aliyejenga ukoo wa miereka kwa kiapo

JINA Maivia lilivuma upya mnamo Novemba 1996, kijana Dwayne Johnson alipojitosa ulingoni katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akijiita Rocky Maivia. Kijana huyo, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama The Rock, alikuwa amelirithi jina hilo kutoka kwa babu yake, aliyefariki miaka 14 awali.

Peter Fanene Maivia alizaliwa Aprili 6, 1937 katika Samoa ya Marekani, visiwa vilivyo katika Bahari ya Pasifiki. Alifunzwa miereka nchini New Zealand na Steve Rickard, kisha akaelekea Uingereza kusaka riziki. Mnamo 1967 alionekana katika filamu ya James Bond, You Only Live Twice, akitwangana na Sean Connery.

Enzi hizo miereka ya Marekani haikuwa mikononi mwa kampuni moja. Nchi iligawanyika katika maeneo, kila eneo likiwa na promota wake. Mwanamiereka alitumikia eneo moja kwa muda, na mashabiki walipomzoea, akafunganya virago kwenda kwingine. Katika maisha hayo ya kuhamahama, Maivia alitamba hasa San Francisco, alikoshikilia ubingwa wa mapambano ya wawili wawili, kwanza pamoja na Ray Stevens, kisha na Pat Patterson.

Alijulikana kama Chifu Mkuu, na kuanzia kiunoni hadi magotini alikuwa na michoro ya asili ya Wasamoa. Michoro hiyo huchanjwa kwa kifaa chenye meno kinachogongwa kwa kijiti, na anayechanjwa hustahimili maumivu kwa siku kadhaa. Miguuni alienda peku. Mashabiki walimpenda, ndiyo maana walipigwa na butwaa mnamo 1978 alipomgeuka na kumshambulia mwenzake, bingwa Bob Backlund, katikati ya pambano. Usaliti huo ulimpa nafasi ya kuwania taji la Backlund katika ukumbi ule ule wa Madison Square Garden, japo hakulitwaa.

Nje ya ulingo, hata hivyo, Maivia alikuwa mtu wa kutunza ahadi. Yeye na Amituana'i Anoa'i walifanya udugu wa kuchanjia, na tangu hapo jamaa zao wakahesabiana kuwa ukoo mmoja. Wana wa Anoa'i, Afa na Sika, walivuma kwa jina Wild Samoans. Kutoka upande huo walitokea pia Yokozuna, Rikishi, Umaga na Roman Reigns.

Nyumbani mwake mambo yalikuwa hayo hayo. Ata, binti ya mkewe Lia, alimlea kama mtoto wake wa kumzaa. Ata alijifungua Dwayne mnamo 1972, na babaye mtoto huyo, mwanamiereka Rocky Johnson wa Kanada, ndiye aliyemwoa. Basi babu na mjukuu hawakuunganishwa na damu, bali na malezi.

Alipokaribia miaka ya 80, Maivia alirejea Hawaii na kuwa promota mwenyewe. Hakulifaidi tunda hilo kwa muda mrefu. Maradhi ya saratani yalimdhoofisha, akafariki jijini Honolulu Juni 13, 1982 akiwa na umri wa miaka 45. Dwayne alikuwa na miaka 10 tu. Lia ndiye aliyeshika usukani wa biashara hiyo, jambo la nadra kwa mwanamke katika miereka ya wakati huo.

Mnamo 2008, The Rock aliwaingiza babu yake na baba yake katika orodha ya magwiji wa WWE. Waliokusanyika usiku huo waliona ukoo ambao nguzo zake kuu ni kiapo cha marafiki wawili na mtoto wa kambo aliyepewa haki zote za mtoto wa kuzaliwa.