Umar bin Abdul-Aziz na Usingizi wa Mchana

Umar bin Abdul-Aziz, Mungu amrehemu, alishika Ukhalifa mwaka 99 Hijria (717). Wasimulizi wametaja kwamba alipokwisha kumzika Sulayman bin Abdul-Malik, hali amechoka kwa kukesha, alitaka kujilaza kidogo. Mwanawe Abdul-Malik akamwuliza vipi atalala kabla ya kuwarudishia watu haki zao walizodhulumiwa. Akajibu kuwa atazirudisha baada ya sala ya adhuhuri. Kijana akamwuliza ni nani aliyemdhaminia kuishi hata adhuhuri. Umar akamshukuru Mungu kwa mwana huyo, akatoka asilale, akaamuru itangazwe kwamba kila mwenye kudhulumiwa alete shauri lake.

Akaanza na nafsi yake na jamaa zake. Hata vito vya mkewe Fatima vikatiwa Baitulmali. Kisha akalirudisha jeshi lililouzingira Constantinople, akawaondolea jizya waliosilimu, akaamuru Hadithi za Mtume (S.A.W.) ziandikwe. Akafa mwaka 101 (720), hakutimiza miaka mitatu katika utawala.

Basi ndugu zetu mlioshika misikiti, madrasa na mali za wakfu, haki ya yatima iliyo mikononi mwenu itangulizeni mbele ya karamu na mikutano. Na sisi pia adhuhuri hatukudhaminiwa.