Omar bin Abdulaziz, Khalifa Aliyependa Manukato

Kila Ijumaa nikijifukiza udi kabla ya kwenda msikitini, humkumbuka Omar bin Abdulaziz. Tulihadithiwa habari zake tangu chuoni, lakini walimu wetu walikuwa na haraka ya kufika kwenye ufukara wake. Mimi, niliyelelewa Mombasa katika nyumba isiyokosa marashi, nilitaka sana kumjua yule Omar wa kwanza, mpenda raha.

Alikulia Madina, mtoto wa ukoo mtawala wa Bani Umayya. Baba yake alikuwa liwali wa Misri. Mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Omar bin Khattab. Naye akamwoa Fatma, binti wa Khalifa Abdulmalik. Kijana huyo hakujinyima. Wapokezi wanasimulia kuwa alivaa nguo za thamani kubwa, na akipita njiani alijulikana kwa harufu yake. Hata mwendo wake wa maringo ulikuwa ukiigwa.

Mwaka 706 alifanywa liwali wa Madina. Kwanza aliwaita wanazuoni 10 wa mji ule wawe washauri wake. Tena watu waliokimbia dhuluma za Hajjaj huko Iraq walipata hifadhi kwake. Hajjaj akashitaki kwa Khalifa, na mwaka 712 Omar akauzuliwa. Basi wasemao kuwa hakuwajali wanyonge mpaka alipovua hariri, naona wanamdhulumu. Aliyepoteza cheo kwa ajili ya wakimbizi ni yule yule wa manukato.

Alipopewa ukhalifa mwaka 717 (99 Hijria) ndipo mambo yalipogeuka. Aliletewa farasi wa kifalme, akawakataa, akapanda mnyama wake mwenyewe. Mashamba aliyorithi aliyarudisha. Fadak akairejesha kwa kizazi cha Mtume. Aliwakataza maliwali kuwatoza jizya watu waliokwisha kusilimu, jambo lililokuwa likiwaumiza sana Waajemi wa Khurasan. Aliamuru zijengwe nyumba za wasafiri, na mgonjwa akirimiwe siku nyingi zaidi kuliko mzima. Wenye madeni walilipiwa kutoka Baitulmali, na vijana wasio na mahari wakaozwa. Yasimuliwa pia kuwa alikuwa na taa mbili: akimaliza kazi ya umma huizima ile ya Baitulmali, akawasha yake.

Nyumbani kwake hali ilikuwa nyingine. Inapokewa kuwa usiku mmoja alipoingia kuwaamkia binti zake, walifunika midomo kwa mikono. Akauliza kulikoni, akaambiwa hawakupata chakula ila adesi na kitunguu, wakaona haya baba yao asisikie harufu. Omar akalia, lakini maamkuli hayakubadilika. Hapa ndipo moyo wangu husita. Mtu kujinyima mwenyewe ni hiari yake. Wale wasichana, nani aliwauliza? Nina watoto, na sidhani ningeweza. Lakini pesa za kuwanunulia nyama zingetoka wapi, naye amekwisha kuapa kuwa Baitulmali si yake?

Fatma, yeye aliulizwa. Alikuwa na vito alivyopewa na baba yake, na Omar alimtaka achague: vito viende Baitulmali au waachane. Akachagua mume.

Omar alitawala miaka miwili na miezi mitano hivi. Alipokuwa mgonjwa, shemeji yake Maslama alikuja kumtazama, akaona kanzu yake imechafuka, akamwambia dada yake aifue. Siku ya pili akaikuta vile vile, akakasirika. Fatma akamweleza kuwa mumewe hana nyingine ya kubadilisha. Alifariki mwaka 720 huko Shamu, hajatimiza miaka 40.

Baada yake alitawala Yazid, ndugu wa Fatma. Alimwambia dada yake kuwa vile vito bado vipo Baitulmali, na akivitaka atarudishiwa. Fatma alikataa, Yazid akawagawia watu wa nyumba yake.