Siti binti Saad: Aliuza vyungu, akauza santuri, ila hakuuza lugha yake

MJADALA kuhusu muziki wa kweli na muziki wa kutafutia pesa haukuanza jana. Tangu taarab ya kisasa, maarufu kama rusha roho, ilipotia fora katika miaka ya 1990, wazee wengi wa mwambao wamelalama kwamba utamu wa zamani umepelekwa sokoni.

Jina linalotajwa mara nyingi kama kipimo cha taarab asilia ni la marehemu Siti binti Saad. Hata hivyo, ukiyatazama kwa makini maisha ya mwanamke huyo, utagundua kwamba yeye mwenyewe alilijua soko tangu utotoni, na kwamba bila soko sauti yake isingetufikia.

Siti alizaliwa mnamo 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, watu wa tabaka lililotokana na utumwa. Hata jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria kisiwani humo mwaka wa 1897, lakini dharau waliyotendewa watu wa asili hiyo haikufutika kwa tangazo la serikali.

Hakubahatika kupata elimu. Alichorithi kwa mamake ni kazi ya ufinyanzi, na alipokuwa msichana alivibeba vyungu kichwani na kuvitembeza, akiinadi bidhaa yake kwa kuimba. Inasimuliwa kwamba wanunuzi waliisikia sauti yake akiwa angali mbali. Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Siti, chungu kilitembezwa lakini sauti ndiyo iliyojiuza.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka wa 1905. Mwanamuziki huyo alimfunza kuimba na kumwingiza katika kundi la wapigaji hodari. Miongoni mwa waliofuatana naye baadaye ni Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku Talsam na Mwalimu Shaaban. Jina la Mtumwa liliachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye hadhi.

Taarab aliyoikuta mjini ilikuwa na wenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, kisha akarejea kuwatumbuiza wakuu wa kasri. Kwa watu wa tabaka hilo, muziki wenye heshima ulikuwa ule ulioimbwa kwa Kiarabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya jikoni na ya mashamba.

Siti alizimudu nyimbo za Kiarabu na alialikwa kuziimba mbele ya mabwana. Lakini hakukomea hapo. Aliipandisha jukwaani lugha ya watu aliokulia kati yao, naye akashikilia kuiimba hata baada ya kupata umaarufu. Hivyo basi, taarab ambayo leo inasifiwa kuwa ni ya asili, enzi hizo ilikuwa jambo geni katika majumba ya wakubwa. Waliojiona walinzi wa ladha safi wangeweza kabisa kuibeza kuwa ni kuuchafua muziki.

Hakukosa wapinzani. Walimsimanga kwa asili yake, kwa ushamba wake na kwa sura yake. Siti naye aliwajibu kwa wimbo, akawakumbusha kwamba kinachopimwa ni akili na ufundi wala si uso.

Maisha yake ya usanii yalikuwa na majukwaa mawili. La kwanza lilikuwa kwenye nyumba za matajiri na harusini, ambako alilipwa na hakuona haya kupokea malipo. La pili lilikuwa nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, ambako majirani walikusanyika usiku kusikiliza, kuchangia na kuzungumzia yaliyojiri mjini. Jukwaa la kwanza lilimpa riziki. La pili lilimpa ya kusema.

Mfano mashuhuri ni wimbo kuhusu Kijiti, mwanamume aliyehusishwa na mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitoroka, na adhabu ya mahakama ya kikoloni ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo huo uliieleza dhuluma hiyo waziwazi wakati ambapo wanyonge hawakuwa na gazeti wala wakili wa kuwatetea.

Mnamo 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Kampuni hiyo haikufanya hivyo kwa kukipenda Kiswahili. Wafanyabiashara waliotangulia kuuza santuri za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu katika eneo hili walitaka wanunuzi wapya. Wanunuzi hao walipatikana kwa wingi, na punde si punde kampuni shindani, zikiwemo Columbia na Odeon, nazo zikaingia katika biashara ya nyimbo za Kiswahili.

Soko lilikuwa na gharama yake. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba takriban dakika tatu tu, ilhali Ng'ambo wimbo uliweza kurefushwa kadiri waliohudhuria walivyotaka. Vicheko vya wasikilizaji, maswali yao na mabishano yao hayakuweza kusafirishwa hadi Bombay. Kilichouzwa kilikuwa wimbo uliopunguzwa.

Pamoja na hayo, sahani hizo zilizofupishwa ziliufikisha wimbo mahali ambapo mwimbaji hakufika. Watu wasio na uwezo wa kununua santuri walikusanyika kwenye mikahawa kuisikiliza, nao wakazisikia habari za maisha yao zikiimbwa kwa lugha yao. Kampuni ilipata faida, lakini lugha na maudhui vilibaki mikononi mwa Siti na kundi lake. Huo ndio mpaka aliouweka, na hakuuvuka.

Siti binti Saad alifariki dunia Julai 1950. Muda mfupi kabla ya kifo chake alimsimulia Shaaban Robert habari za maisha yake, na gwiji huyo wa fasihi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Nyimbo zake ziliendelezwa na Fatuma binti Baraka, almaarufu Bi Kidude, hadi alipoaga dunia mwaka wa 2013. Chama cha wanahabari wanawake nchini Tanzania, TAMWA, nacho kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Wanaotaka kuihukumu taarab ya leo kwa kipimo cha Siti basi wasiulize kama mwimbaji amelipwa, kwani Siti alilipwa. Wala wasiulize kama ameleta jambo jipya, kwani Siti alilileta. Waulize ni nani anayeamua kitakachoimbwa: ni mwimbaji na watu wake, au ni mwenye duka?