Ferdinand de Saussure, kijana aliyetafuta sauti zilizopotea

Wale waliofika kwenye masomo ya juu wanajua jina la Ferdinand de Saussure juu ya kitabu kimoja, na kile kitabu hakukiandika yeye. Walimu wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, ndio walikusanya madaftari ya wanafunzi wake na kukitoa mwaka 1916, yeye akiwa tayari kaburini. Leo tunapenda kuongea juu ya kitabu kingine, kile alichoandika mwenyewe akiwa na miaka 21 tu, bado mwanafunzi.

Alizaliwa Genève, katika Uswisi, tarehe 26 Novemba 1857, kwenye jamaa ya watu wenye mali na akili. Baba yake, Henri, alikuwa anachunguza wadudu. Baba wa babu yake, Horace-Bénédict, alikuwa mtu wa mawe: mwaka 1787 alipanda mlima Mont Blanc akiwa na vyombo vyake vya kupimia, na maisha yake yote alitafuta kujua namna gani miamba ilipangwa. Huyo, wachimbaji wetu wanaweza kumhesabu kuwa ndugu yao.

Ferdinand yeye alipenda maneno. Kabla hajamaliza sekondari, aliandika karatasi ya kuonyesha kwamba maneno ya Kigiriki, Kilatini na Kijerumani yanatoka kwenye mizizi michache tu. Akampelekea mzee Adolphe Pictet, rafiki wa jamaa na mtu wa lugha. Mzee alimjibu kwa upole kwamba aiache ile kazi. Mwaka 1875 akaingia chuo kikuu cha Genève kusoma fizikia na kemia, sawa vile nyumba yao ilizoea. Mwaka mmoja tu ukatosha. Mwaka 1876 akaenda Leipzig, Ujerumani, mahali ambapo walimu wakubwa wa lugha za zamani walikuwa wamejikusanya.

Kule walisoma nini? Kisanskriti, Kigiriki cha zamani, Kilatini, Kiajemi cha zamani, Kilituania, na zingine tena. Hawakuzisoma ili wazungumze nazo sokoni. Waliweka maneno kando kando ili kujua lugha-mama iliyozizaa, lugha ambayo hakuna aliyeiandika hata mara moja. Tuchukue mfano wa kwetu. Watu wa pwani wanasema mtu na kitu. Sisi hapa Katanga tunasema muntu na kintu, na Mluba anasema vile vile. Mubemba anasema umuntu. Ile n haikuanguka kwa bahati: kwa watu wa pwani imeanguka katika neno moja na katika lingine, mbele ya t ile ile. Basi mtu anaweza kusema bila woga kwamba ile n ilikuwapo zamani, hata kama Kiswahili cha pwani haiko nayo tena. Ndiyo kazi yenyewe. Lakini hapa ndugu wengine bado wanaitamka, ushahidi uko mbele yetu. Kama ndugu wote wameipoteza, je?

Tumalize kwanza habari moja iliyomuuma. Alipofika Leipzig, mwalimu Hübschmann alimuuliza anafikiri nini juu ya jambo jipya ambalo Brugmann alikuwa ametangaza, habari ya n iliyokuwa inasimama mahali pa vokali katika lugha-mama, na ambayo kwa Kigiriki iligeuka kuwa a. Wote walikuwa wanaliongelea. Kijana alishangaa: jambo lile alikuwa ameliona peke yake akiwa mtoto wa shule Genève, katika neno moja la Kigiriki, na alifikiri kila mtu analijua! Hakuwa amelitoa popote. Heshima ikabaki ya Brugmann.

Safari hii hakungoja. Mnamo Desemba 1878 kitabu chake juu ya vokali za lugha-mama kilitoka Leipzig, na mwaka 1879 ndio umeandikwa juu yake. Alipanga vokali zote kwa hesabu na kuona kwamba vokali ndefu fulani hazikai sawa. Hesabu ilikubali tu kama zamani kulikuwa na vokali fupi pamoja na sauti nyingine iliyokufa kisha. Sauti za namna hiyo alihesabu mbili, akazipa alama. Hakuna mtu aliyekuwa amezisikia, na hakuna lugha iliyojulikana wakati ule iliyokuwa nazo. Hapa kwetu waprospekta walikuwa wanatazama maua yanayopenda udongo wa shaba, wakajua cha chini kabla ya kuchimba. Yeye alikuwa na maua tu, jembe hakuwa nalo.

Ujerumani wengi walibaki baridi, na Osthoff alimpinga kwa ukali. Hermann Møller wa Copenhagen ndiye alikubali. Akaongeza sauti ya tatu, akafikiri zilikuwa sauti za kooni. Saussure alipata udokta mwaka 1880, akafundisha Paris toka 1881 mpaka 1891, ambako Antoine Meillet alikuwa mwanafunzi wake, kisha akarudi Genève. Aliandika kidogo sana toka hapo. Alikuwa anaanza karatasi na kuziacha. Sisi tunaona kwamba ile baridi ilikuwa na sehemu yake, hata kama mwenyewe alikuwa mtu wa kujikaza kupita kiasi. Alikufa tarehe 22 Februari 1913.

Wakati ule vibao vya udongo vilikuwa vimekwisha kuchimbuliwa Boğazköy, Uturuki, toka 1906, lakini hakuna aliyejua kusoma lugha yake. Mwaka 1915 Mcheki Bedřich Hrozný alionyesha kwamba ni Kihiti, ndugu wa Kigiriki na Kilatini, kilichoandikwa zaidi ya miaka 3000 nyuma. Mwaka 1927 Mpolandi Jerzy Kuryłowicz alitazama herufi moja ya vile vibao, h nzito ya kooni, akaikuta mahali pale pale ambapo kijana wa Leipzig alikuwa ameweka alama zake. Mfupa, kwa Kigiriki, ni osteon. Kwa Kihiti ni hastai, na h iko mbele. Leo wataalamu wengi wanahesabu sauti tatu, kama Møller. Namna gani hasa zilitamkwa, wanabishana mpaka sasa.