Hollerith, aliyeifundisha mashine kujumlisha mavuno

MUUZA mbolea anayetumia kompyuta huingiza idadi ya mifuko aliyouza na bei ya kila mfuko. Safu ya tatu, ile ya jumla ya fedha, haandiki. Programu huikokotoa yenyewe kwa fomula kila ripoti inapotolewa. Kazi hiyo ya kuacha mashine itafute jawabu ilianza zamani, na mmoja wa walioipa nguvu ni Mmarekani Herman Hollerith.

Alizaliwa Februari 29, 1860 mjini Buffalo, jimbo la New York, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alisomea uhandisi wa migodi, akahitimu mwaka 1879 na kuajiriwa katika sensa ya 1880. Makarani wakati huo walihesabu kwa kuchora vijiti kwenye karatasi. Wakishamaliza kuhesabu wanaume, wakaulizwa ni wangapi kati yao waliozaliwa ng'ambo, walirudi mwanzo. Matokeo yalichukua miaka.

Hollerith alipata wazo kwenye treni, alipoona kondakta akitoboa tiketi kuonyesha sura ya abiria ili tiketi isitumiwe na mwingine. Akatengeneza kadi moja kwa kila mtu. Pini za mashine zilishuka juu ya kadi. Penye tundu ziligusa zebaki, umeme ukapita, na mshale wa kuhesabia ukasogea kwa moja. Kwa kupanga nyaya tofauti, mashine iliweza kuhesabu wenye sifa mbili au tatu kwa pamoja. Kadi zilibaki zilezile, kilichobadilika ni nyaya tu. Ndivyo ilivyo kwa fomula ya leo: mwenye duka aliyehifadhi idadi na bei anaweza kusahihisha fomula mbovu kwa dakika moja, lakini aliyeandika jumla peke yake hana pa kurudi.

Mashine hizo zilitumika katika sensa ya 1890, iliyohesabu watu karibu milioni 63. Hata hivyo zilikuwa na upungufu mkubwa: zilihesabu kadi tu. Mzigo wa magunia 40 na wa magunia 400 kwao ulikuwa kadi moja moja. Kampuni ya reli ya New York Central, yenye hati za mizigo kwa mamilioni, haikuridhika na jaribio la kwanza. Hollerith alirudi karakana, akatengeneza mashine inayojumlisha namba zilizotobolewa kwenye kadi, na safari hii reli ikakubali. Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake.

Wakulima nao walimfaa. Sensa ya 1900 iliorodhesha mashamba zaidi ya milioni 5.7, na huko kuhesabu mashamba hakutoshi, ni lazima ujumlishe ekari na mavuno. Mashine ya kujumlisha ndiyo iliyobeba kazi hiyo. Baadaye, mwaka 1906, akaongeza ubao wa nyaya za kuchomeka, hivyo hesabu mpya ikapangwa bila kuifungua mashine.

Katika biashara hakuwa mwepesi hivyo. Hakuuza mashine zake, alizikodisha, na ofisi ya sensa ilipolalamika kuwa kodi ni kubwa hakutaka kulegea. Mwaka 1905 wakaachana. Ofisi ikajitengenezea mashine zake, na fundi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, James Powers, akaja kuwa mshindani wake sokoni. Mteja wa zamani ndiye aliyemlea mpinzani.

Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, naye akapata zaidi ya dola milioni moja. Kampuni hiyo iliyounganishwa ilipewa jina la IBM mwaka 1924. Hollerith, aliyekwisha kustaafu, alikuwa akifuga ng'ombe wa maziwa aina ya Guernsey. Alifariki mjini Washington Novemba 17, 1929.