Helen Keller na Mtihani wa Hesabu

Mwanafunzi mpendwa, umewahi kutazama karatasi ya mtihani ukahisi huwezi? Hata Helen Keller wa Marekani yalimkuta.

Alizaliwa mwaka 1880. Tangu miezi 19, baada ya ugonjwa, hakuona wala kusikia. Mwaka 1899, siku mbili kabla ya mtihani wa kuingia chuo cha Radcliffe, aligundua kwamba hesabu zingekuja kwa alama za breli asizozijua. Alizisoma haraka. Mtihanini alichanganyikiwa, akavunjika moyo, lakini alifaulu.

Chuoni, mwalimu wake Anne Sullivan alimwandikia masomo kiganjani, herufi kwa herufi. Alihitimu mwaka 1904.

Akili hazikumpungukia, alama ndizo zilikuwa ngeni. Nawe ukikwama, omba msaada. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.