Rajasinha wa Pili: Mfalme Aliyeruka Majivu

Katika karne ya 17, kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, kilikuwa kimegawanyika. Wareno, walioitawala pia Mombasa kutoka Ngome ya Yesu, waliikalia pwani na kuihodhi biashara ya mdalasini. Milimani, ufalme wa Kandy wa Wasinhala ulisalia huru.

Rajasinha wa Pili alizaliwa mwaka wa 1608, akakirithi kiti cha babake, Senarat, mnamo 1635. Machi 1638, jeshi la Wareno lilipanda milimani na kuuteketeza mji wa Kandy, ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kuuhama. Lilipokuwa likirejea, lilizingirwa Gannoruwa, karibu na mto Mahaweli. Askari wenyeji waliokuwa wakiwatumikia Wareno waliwaasi, na jemadari wao, Diogo de Melo, akauawa pamoja na wengi wa wenzake.

Hata hivyo, ushindi wa msituni haukutosha kuziangusha ngome za pwani, na mfalme hakuwa na manowari. Ndiposa akawaita Waholanzi. Mei mwaka huo huo, mkataba ulitiwa saini Batticaloa: Waholanzi wamsaidie kuwatimua Wareno, naye awalipe gharama za vita kwa mdalasini na mazao mengineyo. Nakala aliyokabidhiwa mfalme ilieleza kuwa Waholanzi wangeweka askari katika ngome zitakazotekwa iwapo yeye angeridhia. Katika nakala ya Waholanzi, sharti hilo la ridhaa halikuwamo.

Maneno hayo machache yaligharimu pwani nzima. Galle ilitekwa mwaka wa 1640, Waholanzi wakaishika. Colombo iliposalimu amri mnamo 1656, baada ya kuzingirwa kwa takriban miezi saba, mfalme alifungiwa malango. Kwa ghadhabu, aliyateketeza mashamba yaliyouzunguka mji na kuwahamishia wakazi milimani, ili maadui wapya wakose chakula na watu wa kuwatumikisha.

Rajasinha alifariki mwaka wa 1687. Hakuna Mzungu aliyemtawala, lakini bahari hakuipata. Kandy yenyewe ilidumu hadi 1815, ilipotwaliwa na Waingereza. Waswahili wangesema aliruka majivu akakanyaga moto. Wasinhala husimulia habari za mtu aliyetoa tangawizi akapokea pilipili.